Peremende ya Mama

Hospitali nzima wanamwita Sista Kivuko, na jina hilo hakujipa. Walimpa wahudumu wa mapokezi, waliochoka kumwona akikatiza ua kutoka jengo la watoto, lenye twiga ukutani, kwenda jengo la watu wazima lisilochorwa kitu, kila mara ana kijana ubavuni na mzazi nyuma. Kazi yake ndiyo hiyo: kuwavusha vijana wenye kifafa kutoka kwa daktari aliyewajua tangu wakibebwa mgongoni, kwenda kwa daktari asiyewajua hata kwa sura.

Zamani kijana akifikisha umri alipewa barua na kuambiwa kwaheri. Wengi hawakufika upande wa pili. Waliacha dawa kimyakimya, wakarudi wamebebwa, mmoja kaungua jikoni, mwingine kaanguka barabarani. Sista aliyaona hayo akiwa wodini, yakamchefua mpaka akamvaa mganga mkuu ofisini na kugoma kutoka bila kupewa chumba. Alipewa stoo ya mashuka mabovu. Alifurahi, utadhani kapewa hospitali yake mwenyewe!

Humo stoo ana utaratibu unaowafanya wenzake wamcheke. Anavaa koti la daktari, anakunja uso, anatupia macho saa ya ukutani kama mtu mwenye foleni ndefu mlangoni. Kijana anakaa mbele yake afanye mazoezi ya kujieleza. Mzazi anakaa pembeni na peremende mdomoni, ile ngumu ya kumung'unya. Kijana hapewi. Sheria ni moja: ikiwa bado mdomoni, mzazi hasemi; akisema, anaongezwa nyingine.

Mwaka huu akaja mama aliyekaribia kumaliza kopo zima la peremende. Alikuwa mshonaji, mdomo wake unakwenda kasi kuliko cherehani. Binti yake mtaani wanamwita Fundi, maana simu ikizima anaifufua. Fundi alikuwa amepata nafasi chuo cha ufundi wa simu, chuo cha kulala bwenini, na mama alikwisha kata kauli.

"Hakanyagi bwenini mpaka nimwone anajieleza kwa daktari, mimi nimekaa kimya."

"Haya," Sista akaanza kwa sauti nene. "Una tatizo gani?"

"Kifafa, tangu yuko darasa la..." mama akadakia.

"Mama, kopo hilo hapo."

"Sista, utanimaliza meno!"

Fundi alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini swali lililofuata lilimkausha.

"Kikikushika, unakuwaje?"

Alimtazama mama yake, kisha sakafu. "Sijui, Sista. Mimi wakati huo nakuwa sipo."

Mama akatoa peremende mdomoni, na safari hii Sista hakumkaripia. Kwa mara ya kwanza alimweleza binti yake: shingo inageukia kulia, mkono unakaza, unatoa sauti, halafu mwili wote unatikisika. Akasita. "Halafu unajikojolea, mwanangu. Huwa nakubadilisha nguo kabla hujazinduka vizuri, ili usijue."

Fundi alilia kidogo. Kisha akafuta uso kwa kiganja. "Rudia, mama. Taratibu, nishike mpangilio."

Waliurudia mpangilio huo wiki nzima nyumbani, mama akishona, binti akitamka. Siku ya kuvuka ilipofika Sista hakuweza hata kumaliza chai. Wamevuka wengi mikononi mwake, na bado kila mmoja humtia wasiwasi upya.

Daktari wa watu wazima alikuwa mrefu, mwenye haraka, na alimgeukia mama moja kwa moja. "Hali yake ikoje?"

Mama akafungua mkoba, akachomoa peremende, akaitumbukiza mdomoni na kumnyooshea binti yake kidole. Sista nusura apige vigelegele.

Fundi akajikaza. Akasema dawa zake na saa za kuzimeza, akaeleza shingo, mkono, mtikisiko, na hata mkojo akautaja bila kuangalia chini. Daktari akasahau saa yake.

"Na kabla hujaanguka, unahisi chochote?"

Mama alifungua mdomo kwa mazoea, akaufunga. Hilo hakulijua. Hakuna aliyewahi kuliuliza.

Sista akaona vidole vya Fundi vikifinyana, akaelewa kwamba bweni zima linaning'inia hapo.

"Nasikia ladha ya chuma mdomoni," alisema. "Na huwa inakuja hata nisipoanguka. Inakaa kidogo, inaondoka. Nyumbani wanajua nimepumzika kuanguka tangu mvua zilipoisha, lakini ladha haijapumzika. Nilinyamaza ili nisizuiwe chuo."

Kacha! Mama aliivunja peremende kwa meno.

"Hiyo ladha ni kifafa chenyewe," daktari alisema, tayari anaandika. "Kidogo, ila ni chenyewe. Ungenyamaza ningekupa dawa zilezile ukaangukie huko chuoni. Sasa tunaongeza dozi taratibu, na nikuone tena mwezi ujao. Bwenini unaweza kwenda, mradi usilale kitanda cha juu, na wenzako chumbani wajue la kufanya."

"Wanilaze ubavu, wasinitie kitu mdomoni," Fundi akadakia, kasi ileile ya mama yake.

Walitoka nje. Mama alikwenda mbele kimya bila peremende mdomoni, jambo ambalo Sista hakuwahi kulishuhudia. Fundi alikuwa nyuma, kichwa chini, mtu anayengoja hukumu. Katikati ya ua mama akasimama. Macho yalikuwa yamemjaa machozi.

"Nilisema mpaka ajieleze, Sista. Leo kasema hadi nisiyoyajua mimi niliyemzaa."

Akamgeukia binti yake, akamweka sawa kola ya blauzi.

"Hilo godoro la bwenini, mnakwenda nalo au mnalikuta huko huko?"