Kabla Hujapaka Piko

Ipo siku moja, mwanangu Neema, ambayo kila nikiikumbuka mikono yangu inanukia ndimu. Mvua ilikuwa inapiga bati la nyumba yetu ya Kawajense, Mpanda. Bibi yangu alikuwa ameinama juu ya beseni, kanga mabegani, nami nimesimama nyuma yake na kopo la maji. Nakusimulia siku hiyo kwa sababu nimeiona pakiti ya piko, rangi nyeusi ya nywele, uliyoniachia mezani jana, na najua umeiweka kwa upendo.

Bibi Maria alikuwa mama yake mama yangu, mtu wa Karema, aliyezaliwa na kuzeekea kando ya ziwa. Mvi zake ziling'aa kama dagaa wanaoanikwa asubuhi. Watu wa kule walimwona kwa mbali kanisani kwa kichwa chake tu. Babu alipofariki, mama akamleta kuishi nasi Mpanda.

Uani tulikuwa na kisima cha pampu. Maji yake yalitoka maangavu, lakini yakilala kwenye ndoo yaliamka na wekundu wa kutu. Sabuni haikutoa povu. Shuka nyeupe ziligeuka rangi ya chai ya maziwa. Jirani yetu Mama Kabula, Msukuma mwenye ng'ombe wengi, alikuwa akisema, "Maji yenu haya hata ndama wangu anayanusa kwanza, anafikiri, ndipo anakunywa." Tulicheka, tukaendelea kuyaoga.

Sisi wenye nywele nyeusi hatukuona kitu zaidi ya ukavu. Kwa Bibi ndipo maji yalipoandika habari zao. Mvi zake zilishika unjano, kisha rangi ya msumari uliosahaulika mvuani, zikakakamaa kama katani. Akaongeza sabuni. Kadiri alivyoongeza ndivyo utando mweupe ulivyoganda kichwani, na kutu chini yake haikusogea. Mwishowe akaanza kufunga kilemba tangu asubuhi hadi anapolala, hata jikoni kwenye moto.

Kisha ikaja harusi ya mjomba Deo, kitinda mimba wake, huko Karema. Unajua desturi ya ukoo wetu. Mama wa bwana harusi anavua kitambaa cha kichwani kwake, mbele ya watu wote, anamfunga bibi harusi. Kuanzia hapo huyo binti ni mtoto wa nyumba. Hakuna anayeweza kumfungia kwa niaba ya mama, na kitambaa hakitoki sandukuni, kinatoka kichwani.

Bibi akasema haendi.

"Mama, Deo ataoaje bila wewe?" mama akamuuliza.

"Amfunge mke wake kitambaa cha dukani. Mimi kichwa hiki nikivue wapi? Wifi yangu Sesilia atakaa mstari wa mbele, namjua. Atasema Mpanda imenitia kutu kama jembe."

Aliisema kwa mzaha, lakini usiku ule hakula, na mama hakula pia. Binti wa watu angeingia nyumba ile bila kufungwa kitambaa, na kila mtu Karema angeelewa kwamba mama mkwe hakumtaka.

Nilikuwa binti mwenye haraka. Kesho yake nikaenda dukani, nikarudi na pakiti ya piko kama hii yako, nikampa Bibi nikitabasamu. Aliigeuza mkononi, akanitazama.

"Mjukuu wangu, mvi hizi za mbele hapa zilitoka nikimuuguza mama yako surua. Hizi za pembeni ni za Babu yako, miaka ile alipokuwa ziwani na dhoruba. Sasa unataka nizipake lami?"

"Si naificha tu hiyo kutu, Bibi."

"Unaificha. Na umeshaniuliza kama hiyo kutu ni yangu?"

Sikumwelewa. Niliondoka nimenuna, nikaenda kuosha birika. Birika letu nalo lilikuwa limeota gamba ndani, jeupe chini na la kahawia juu, na nilikuwa nimelilowekea ukwaju tangu jana yake. Nikalitikisa. Gamba likabanduka vipande vipande, na bati likaonekana jipya kabisa.

Bibi alikuwa mlangoni. Alikuja taratibu, akachukua kipande cha gamba, akafungua kilemba chake, akavuta kishungi kimoja cha nywele na kukiweka kando ya kile kipande.

"Nyie watoto mna macho ya nini?" akasema. "Hivi si ndugu hivi?"

Rangi ilikuwa ile ile. Nikaruka kuchukua bakuli la ukwaju, akanishika mkono. "Ukwaju una rangi yake, utaniongezea nyingine. Nenda kwa Mama Kabula ukaombe ndimu."

Nilikimbia, mwanangu. Hata viatu sikuvaa.

Ndimu zikapatikana, lakini Bibi akakataa kuanza. Tukimsuuza kwa maji ya kisima, kutu itarudi palepale. Tulihitaji mvua, nayo mvua ilikuwa inaelekea kuisha, na harusi ilikuwa Jumamosi. Siku mbili nzima tulitembea tukitazama juu. Alhamisi mchana mawingu yakajikusanya upande wa ziwa. Bibi akatoka na kiti chake uani akakaa kuyangoja, kama mtu aliyefika mapema stendi.

Ilipoanza, tuliiacha kwanza ioshe bati. Kisha kila chombo kikatoka nje: ndoo, masufuria, beseni la kuogea, hata bakuli la sadaka la mama. Tulilowa wote watatu, tukawa tunacheka bila sababu.

Nikakamua ndimu kwenye maji mengi, nikayachuja kwa kitambaa. Tukajaribu kwanza kishungi kimoja nyuma ya sikio. Hakikuwasha, na kilipooshwa kilikuwa kimepauka. Basi nikamlowesha kichwa kizima, yeye kafumba macho na kuyafunika kwa taulo. Tukasubiri kidogo, nikamwagia maji ya mvua. Yaliyoingia kwenye beseni yalikuwa rangi ya chai.

"Inatoka?" akauliza.

"Inatoka, Bibi."

"Usinidanganye kwa kuwa nimeinama."

"Inatoka, angalia beseni."

Tukarudia, na tena, mpaka maji yakawa meupe. Mama akaleta kioo. Bibi alijitazama kwa muda mrefu, akagusa nywele zake pale mbele, zile za surua, kisha akamgeukia mama na kusema kwa sauti ndogo, "Nitafutie gauni langu la bluu."

Mama kwa furaha akaja na mafuta ya kumpaka. Bibi akanusa kikombe. "Mawese, na wekundu wake huu? Mnataka nirudi nilikotoka?" Tukampaka ya alizeti.

Jumamosi, Karema, upepo ulitoka ziwani na Sesilia alikuwa mstari wa mbele kama ilivyotabiriwa. Bibi akasimama, akafungua fundo, akavua kilemba. Jua likamwangukia kichwani. Vigelegele vilivyopigwa nadhani vilisikika kwenye mitumbwi. Bibi harusi akapiga magoti akilia, na Bibi akamfunga kitambaa. Sesilia hakuweza kunyamaza.

"Wifi, huko Mpanda mnaogea maziwa?"

"Tunaogea mvua, wifi. Wewe endelea na sabuni."

Sasa nisikilize, mwanangu. Tangu mwanangu Baraka, mchumba wako, atuchimbie kisima hapa Nsemulwa, maji yamenifanyia yale yale. Kichwa changu umekiona, ndiyo maana ukaleta piko. Kisima ni kizuri, kimeniondolea safari za ndoo. Kinataka tu kujulikana tabia. Nawe ukiingia nyumba hii, nywele zako zikikakamaa, usizipige sabuni zaidi wala usizikate. Ndimu kidogo kwenye maji mengi, jaribu nyuma ya sikio, linda macho, usipake penye kidonda, usikae nayo juani. Suuza kwa maji ya mvua na upake mafuta. Mara moja moja inatosha, kwani ndimu ya kila siku nayo hukausha.

Na jambo kubwa zaidi ni lile swali la Bibi. Baraka atarudi siku moja na maneno makali, au wewe utaamka mzito, hujijui. Msikimbilie kufunika, na msiambiane kwamba ndivyo mlivyo. Ulizaneni kwanza ni maji gani yamewapitia siku hizo. Mengi yanayotukaa juu si yetu, na yanatoka kwa upole, kwa kurudia.

Pakiti yako nimeiweka kabatini, sijaitupa, maana mkono ulioileta naupenda. Jana mvua ilinyesha na pipa limejaa. Njoo Ijumaa mchana na ndimu, unisaidie kuinama. Jumamosi nitavua kilemba mbele ya watu wote, kiwe na joto la kichwa changu, nikufunge wewe. Mungu akupe kuzeeka, mwanangu, na mvi zako zikija, kila moja ije na jina la mtu uliyempenda.