Kipande kimoja cha kanga yangu ya harusi

Jamani, leo nimemfumania mume wangu na kanga yangu!

Ni ile doti aliyonipa mama siku ya harusi. Kipande kimoja kilitoweka kabatini. Nikamuuliza mume wangu, akanibusu na kusema, "Sijui, mpenzi."

Moyo ukaingiwa na wasiwasi. Kajifunga nani kanga yangu?

Basi nikampelekea chakula kwenye karakana yake ya umeme kule Kizota bila kumwambia.

Kanga naikuta juu ya paa, kwenye mlingoti, inapepea!

"Nani kakuruhusu?"

"Mke wangu, tulia. Mteja wa Bagamoyo anataka umeme kwenye mashua yake ya matanga. Nalinganisha sola na feni ya kufua umeme wa upepo. Kanga ndiyo tanga lenyewe."

Kweli, kivuli cha kanga kilipofunika sola, taa yake ikafifia. Ya feni ikaendelea kuwaka, na upepo wetu huu wa Dodoma!

"Kwa nini hukuchukua shuka lako?"

"Lina matobo, linapitisha jua."

Nikacheka mpaka machozi. Nampenda huyu mtu, nyie!

Kanga nimerudi nayo kiunoni.

Ila ile "sijui, mpenzi" aliisema vizuri mno. Dada zangu, mngekuwa mimi, mngelala?