Macho ya Kabula Yaliyotazama Chini

Joyness hakuwa mtu wa maneno mengi. Katika kibanda chake cha kutengeneza simu mjini Bariadi, wateja walizoea kumkuta ameinama juu ya meza, skrubu amezipanga ndani ya kifuniko cha chupa kwa mfuatano ule ule aliozifungulia. Ufundi wa elektroniki aliusomea chuoni. Subira alizaliwa nayo. Ndiyo maana mafundi wenzake walipochoshwa na kazi ya kukifundisha kishikwambi cha kawaida kufuata macho ya mtu asiyeweza kusema wala kutumia mikono, yeye aliendelea. Mashine za namna hiyo zipo ng'ambo, lakini bei ya moja ingemaliza zizi zima. Joyness alitaka kamera ile ile ndogo ya kujipigia picha ifanye kazi hiyo.

Jumamosi moja asubuhi alikwenda Mwamapalala, nyumbani kwa mzee Mayige. Binti wa mzee huyo, Kabula, alikuwa msichana mkubwa aliyezaliwa na mtindio wa ubongo. Alisikia kila kitu. Mikono na ulimi ndivyo vilivyomgomea. Baba yake alikwisha kuamua kwamba jioni ile apelekwe Migato, akaishi kwa shangazi yake, karibu na zahanati. Mama yake, Esteria, alishikilia kwamba binti hataki.

"Amekuambia kwa mdomo gani?" mzee alikuwa akimjibu.

"Mwangaluka, baba," Joyness alisalimia, akipiga goti.

"Mwangaluka, ng'wanawane, mwanangu. Karibu. Hicho kioo chako kikimsemea binti yangu, nitasikiliza. Kisiposema, safari iko palepale."

Joyness alikisimamisha kishikwambi mezani, mbele ya uso wa Kabula. Mzee Mayige akavuta kiti, akaketi nyuma ya kishikwambi ili amwone binti vizuri. Hatua ya kwanza ilikuwa nyepesi: kitone chekundu hutokea pembe hii, kisha ile, na mtumiaji hukitazama ili mashine iyajue macho yake. Mjini hatua hiyo haikuwahi kumsumbua. Hapa, vitone vya chini vilikubali, vya juu vikakataa vyote. Alidhani ni mwanga wa mlangoni, akageuza meza. Mzee naye akahamisha kiti chake. Joyness akafuta kamera kwa kitambaa. Vilikataa.

"Labda haoni," mzee alisema.

"Haoni? Huyu anaona sindano iliyodondoka mchangani!" Esteria akajibu.

Mara ng'ombe wakaingia kwenye mahindi, na mzee akatoka mbio na fimbo yake. Kitone cha juu kikakubali, na cha pili kikafuata. Lakini mzee aliporudi na kuketi, macho ya Kabula yaliteremka kama pazia, na kila kitu kikavurugika.

Esteria akacheka. "Fundi, wewe si umelelewa Usukumani? Tangu lini binti akamkodolea macho baba yake? Nimemfunza mwenyewe, na hajasahau."

Joyness aliona haya. Yeye mwenyewe, tangu afike, hajamtazama mzee usoni. Angeweza kumwomba ahame. Lakini mashine inayofanya kazi baba akiwa hayupo ingemfaa nini Kabula, wakati aliyetakiwa kumsikia ni baba huyo huyo?

Alikishusha kishikwambi kwenye kigoda, mbele ya magoti ya Kabula, akakipindua ili kamera iwe upande wa chini. Macho yanayotazama chini hufunikwa na kope. Ukiyapiga picha kutoka juu huioni mboni, ukiyapiga kutoka chini unaiona. Vitone vyote vikakubali, mzee akiwa ameketi palepale.

Kwenye kioo zikabaki picha mbili: ya ndiyo upande mmoja, ya hapana upande wa pili, na mashine ingetamka ile ambayo Kabula angeitazama.

Mzee akakohoa. "Kabula. Mimi ndiye mama yako?"

"Hapana," kishikwambi kikasema, na mabega ya Kabula yakatikisika kwa kicheko.

"Yule fahali mweusi tumeshamuuza?"

"Ndiyo."

Habari ya fahali ilizungumzwa uani, juu ya kichwa cha binti, kana kwamba hayupo.

"Unataka kwenda kukaa Migato?" mzee aliuliza, safari hii taratibu.

"Hapana."

"Unataka kubaki hapa?"

"Ndiyo."

Mzee alitoa simu, akampigia dada yake, akazungumza naye Kisukuma kwa ufupi, kisha akamgeukia mkewe. "Siku za zahanati tutampeleka na kumrudisha. Kwani bajaji haijui kugeuza?" Akakitazama kishikwambi. "Ila sauti hiyo, fundi! Anaongea kama mtangazaji wa Dar es Salaam. Huyu ni binti wa Mwamapalala."

Joyness akatabasamu. Alimwomba Esteria asogee arekodiwe sauti, lakini kabla ya kubonyeza alikumbuka jambo, akamuuliza binti mwenyewe.

"Kabula, tutumie sauti ya mama?"

"Hapana."

"Heee!" Esteria akashika kiuno. "Basi ya nani?"

Joyness akavuta kigoda kingine, akaketi, akaanza kuongeza kiooni picha za watu, Kabula apate kujibu.