Bado Anakuamkia

Nilianza kusema nikiwa na kigugumizi, na neno lililonitesa kuliko yote lilikuwa shikamoo. Kwetu Kituntu mtoto asiyeamkia wakubwa huonekana hana adabu, nami nilikutana na wakubwa kila nilipokwenda kuchota maji. Midomo ilikaa tayari, pumzi ikagoma. Wengi walipita zao wakitikisa kichwa. Nyumbani walinipenda, na kwa kunipenda walinimalizia maneno, hata pale waliponimalizia nisichokusudia.

Mdogo wangu wa kike alikuwa na miaka mitano, mimi tisa. Asubuhi moja tulikuwa uani tunageuza kahawa iliyoanikwa, mama akamsikia akisema peke yake, "Shi-shi-shi-shi."

Mama akaweka chini ndizi aliyokuwa akimenya. "Unamtania dada yako?"

"Hapana, mama. Nataka kujua inakwama wapi."

Akanigeukia, akajishika koo. "Hapa?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikafikiri, kisha nikauchukua mkono wake nikauweka chini ya kifua changu. "Ha-hapa. Pu-pumzi inafunga mlango."

Akajaribu tena, safari hii amebana pumzi mpaka machozi yakamtoka. "Inachosha," akasema, akaendelea kugeuza kahawa. Mama alituangalia kidogo, akarudi kwenye ndizi zake.

Siku chache baadaye tulikutana njiani na jirani yetu, bibi mmoja aliyejitwika majani ya ng'ombe. Mdogo wangu akamwamkia, akaitikiwa. Mimi nikakwama. Bibi akaanza kutupita.

"Bibi, subiri," mdogo wangu akasema. "Bado anakuamkia."

Bibi akasimama na mzigo wake. Mdogo wangu hakunisaidia hata herufi moja. Alinishika mkono tu, akatulia kama mtu anayengoja ndoo ijae. Shikamoo ikatoka.

"Marahaba, mjukuu wangu," bibi akaitikia. Akaniuliza habari za nyumbani, nami nikamjibu zote, taratibu, mpaka mwisho.

Tuligombana kama watoto wengine wowote. Lakini hata tulipogombania blanketi, alingoja nimalize kumtukana ndipo anijibu.

Kutoka kwake nilijifunza kuuliza. Yeye aliogopa ng'ombe, na wenzake walimcheka kwamba anakimbia pembe. Nilipomuuliza, akaniambia pembe hazimsumbui. Anachoogopa ni yale macho, namna wanavyomkazia. Basi kila tulipokutana na kundi nilihamia upande wa ng'ombe, yeye akatembea ubavuni kwangu wasikomuona. Sikumwambia asiogope. Nilitembea upande ule mpaka alipoacha mwenyewe kunishika gauni.

Leo ameolewa Kaisho, na tunapopigiana simu mazungumzo yetu huwa marefu. Mimi nafundisha shule ya msingi. Kigugumizi hakijaondoka, wala sikifichi. Kila mwaka, siku ya kwanza darasani, nawaambia wanafunzi kwamba maneno yangu mengine huchelewa kufika, na asiwepo wa kunimalizia. Mwaka huu binti mmoja alinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, yakichelewa unaumia?"

"Si-siumii," nikamjibu. "Nachoka kidogo tu."

Akaitikia kwa kichwa kuonyesha ameelewa. Watoto wa darasa la pili hujua kusubiri kuliko watu wazima wengi ninaowafahamu.