Foronya Nne

Kazini walimwita Bwana Wembe, kwa kuwa suruali ikipita chini ya pasi yake ilitoka na mstari wa kukatia mkate. Alikuwa na miaka kumi na tisa katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali, na shule aliiacha darasa la sita. Kwa hiyo binti yake wa pekee alipomletea swali la hesabu wiki ile na kumwita "mwalimu" kwa utani, kichwa kilimvimba.

Swali lilikuwa hivi: katika mbio za mita mia, mkimbiaji wa kwanza anamaliza wakati mwenzake amebakiza mita ishirini. Je, yule wa kwanza aanze mita ngapi nyuma ya mstari ili wafike pamoja?

"Ishirini," alisema bila kupepesa macho. "Mimi nikinyoosha foronya mia, Mama Polepole wa kule kazini amenyoosha themanini. Niongezee mimi ishirini, tutamaliza sawa. Hesabu ni hiyohiyo ya pasi."

Binti alilitazama daftari kidogo, kisha akaandika.

Siku ya mtihani wa kuingia sekondari, Bwana Wembe aliamka kabla ya jogoo. Mwaka uliopita mpwa wake alikosa nafasi kwa alama moja tu, na hadi leo yuko nyumbani, hataki hata kuona daftari. Alama moja. Saa tatu, muda wa mtihani kuanza, alishindwa kutulia, akamgeukia Mama Polepole wa meza ya pili.

"Leo tushindane. Wewe chukua mia, mimi mia na ishirini. Tutamaliza pamoja, utaona."

"Haraka haraka haina baraka," alisema yule mama, lakini alihesabu foronya zake.

Bwana Wembe alinyoosha kama aliyekuwa ndani ya mtihani yeye mwenyewe. Alipoiweka ya mia na ishirini juu ya rundo, alitazama meza ya pili. Zilikuwa zimebaki nne.

"Leo umezidi kuchelewa, mama."

"Nimechelewa wapi? Wewe ukinyoosha tano, mimi nne, ndivyo siku zote. Hizo ishirini zako za nyongeza, mimi nimepata kumi na sita. Ulitaka nipae?"

Tano kwa nne. Ili mama amalize zile ishirini zake za mwisho, Bwana Wembe alihitaji kuongezewa ishirini na tano. Alirudia hesabu kwa vidole, akaomba Mungu itoke vingine, ikakataa. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na robo. Mtoto yuko ndani, simu haziruhusiwi, na mlinzi wa lango hana mchezo. Alijifariji kwamba labda swali la mbio halitatoka. Maswali ya hesabu ni mengi, kwa nini litoke hilohilo? Alikuwa bado anajifariji, pasi ikiwa juu ya shuka, pale harufu ya kuungua ilipompanda puani.

Msimamizi aliinua shuka lenye alama ya pasi katikati.

"Una nini leo? Hebu nenda huko shuleni kabla hujatuchomea hospitali."

Saa tano ilimkuta langoni, aproni bado kiunoni. Binti alitoka akicheka na wenzake, na kicheko kile kikamzidishia hofu.

"Swali la mbio limetoka, baba!"

"Umejibuje?"

"Kwanza nilipata ishirini na tano. Nikaona siyo ulivyonifundisha, nikafuta, nikaandika ishirini. Nikasema, baba hesabu hii anaifanya kila siku kwa mikono yake."

Alimpokea mkoba. Angeweza kunyamaza, matokeo yalikuwa ya miezi miwili mbele, na mtoto angecheka hadi siku hiyo.

"Ungeliacha jibu la kwanza lilivyo, mwanangu," alisema. "Lako ndilo lililokuwa sahihi."