Bibi na Mayai ya Mama Kwaya

Mpaka leo nikisikia harufu ya udongo mbichi uliopata joto la moto, moyo unanidunda. Ndiyo harufu ya jiko la Bibi kule Suji, mwaka ule wa korona shule zilipofungwa, nikapelekwa mlimani na mjusi wangu ndani ya ndoo. Nilimkamata nyumbani Same, nikamwita Mama Kwaya, maana alikuwa anatingisha kichwa kama anaongoza sauti ya pili. Hatujakaa sana akachimba udongo ndoani, akataga mayai sita laini kama ngozi, akafukia, akaenda zake kuota jua. Hakugeuka hata kuyaangalia. Same jua lingeyaangua lenyewe, lakini Suji ukungu unakufuata mpaka ndani ya blanketi. Nikayafukia kwenye chungu cha udongo, nikakiweka kando ya mafiga, si karibu yakaiva, si mbali yakapoa. Wanasema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Waliosema hawakuwahi kulea mayai ya mjusi.

Bamdogo, mdogo wake baba, hakutaka hata kukiona kile chungu. "Nyumba ina Biblia tatu, sasa ina na mjusi. Shule zikifunguliwa hujaangua, kuku wewe, kinaenda chooni hicho." Nikamwambia akikitupa anitupe na mimi. Bibi akanikata jicho. Kila siku nikawa naogopa redio, isije ikatangaza shule zimefunguliwa.

Asubuhi moja nikafukua kidogo, nikakuta mayai mawili ya juu yamebonyea, yamekuwa ya njano. Nilikuwa nimeyachora kwa mkaa upande wa juu, kama Bibi anavyochora mayai ya kumwekea kuku. Alama sasa zilikuwa chini, mtu ameyageuza. Nikapasua moja: kitoto kimeganda kwenye ganda, kimekufa. Nikatoka mbio hadi uani, nikamkwida bamdogo shati, mtu mzima yule, namwita muuaji. Bibi akaja nyuma yangu, mikono imejaa unga.

"Mwache mwanangu. Nimegeuza mimi. Nilikuwa nakusaidia. Kuku asipogeuza, si yanaoza?"

"Huyu si kuku, Bibi, ya mjusi hayageuzwi. Mama Kwaya mwenyewe hakuyagusa."

Akakaa chini palepale. "Basi nimeua wajukuu," akasema, na hakuwa anatania. Yale manne ya chini hakuwa ameyafikia. Tangu siku hiyo kigoda chake kikahamia mbele ya chungu, mwiko mkononi, na hata mimi nikinyoosha mkono nachapwa.

Redio ikatangaza. Siku ya kushuka Same, bamdogo akabeba chungu kuelekea chooni, mimi nimemng'ang'ania mkono, nalia. Katikati ya migomba akasimama ghafla. "Mama," akamwita Bibi. Udongo ulikuwa unatikisika. Kichwa kidogo kama punje ya maharage kikachomoza, kikamwangalia. Akashindwa kutupa, akashindwa kutua.

Siku hizi natotolesha mijusi kwa taa na kipimajoto, sibahatishi tena na mafiga. Na Bibi yuko kwetu Same, kiharusi kimemlaza. Nesi alisema tumgeuze mara kwa mara, asije akatokwa na vidonda. Bamdogo anashika miguu, mimi mabega. Zamani niliogopa asije akayagusa mayai. Sasa naogopa nisije nikachelewa kumgusa. Juzi nilichelewa, shughuli za mijusi zilinishika. Nikamsikia chumbani, mdomo umepinda lakini maneno yamenyooka:

"Njoo unigeuze, wewe. Mimi ni kuku."