Nilivyotoa IC huku mayai ya mama wa Chala yakipoa

Wakuu, heshima zenu. Hiki ninachosimulia kimenikuta mwenyewe, kibandani kwangu cha ufundi wa vifaa vya umeme hapa Sumbawanga, na sijaongeza chumvi.

Alikuja mama mmoja kutoka Chala, kakumbatia board, ule ubao wa saketi, ya mashine ya kutotolesha vifaranga. Radi ilipiga jirani, mashine ikazima. Mayai kayaacha chini ya mablanketi, na mengi si yake, ni ya wenzake wa jumuiya.

(Najua mtaanza utani wenu kwamba radi za Rukwa ni za kutumwa. Endeleeni tu.)

Nikamwamkia, nikapima. IC yenye program, kile kidude cheusi kinachoiongoza mashine, imekufa, na madukani haipo. Bahati nilikuwa na board chakavu ya mashine kama hiyo, IC yake nzima.

Sasa hii ni IC ya miguu inayopenya board hadi upande wa pili. Ile mbovu niliikata miguu, kazi ikaisha. Hii nzima lazima itoke hai. Ukiipasha sana inaungua, ukiivuta mapema mguu unakatika.

Mama akatoa yai kifuani, kasafiri nalo humo lisipoe. Akaomba tochi ya simu, akalimulika. Kitu kikacheza ndani.

Wakuu, niliogopa. Afadhali asingenionyesha.

Nikayeyusha risasi inayoshika miguu, nikainyonya kwa sucker mguu kwa mguu. Yote ikaachia, ukabaki wa earth. Ule umeungwa kwenye shaba pana inayokunywa joto, na kwa baridi yetu risasi inaganda kabla sucker haijafika. Nikachukua bisibisi, nikabenua.

Ikalia tik.

Jasho likanitoka na baridi yote ile. Mama akauliza taratibu, "Mwanangu, imevunjika?"

Nikaweka bisibisi chini. Nikaisogeza board karibu na jiko la mkaa ipate uvuguvugu, nikaongeza risasi mpya juu ya ile ya zamani, nikagusa tena. IC ikatoka yenyewe. Mguu ulikuwa umepinda tu.

Nikaipachika kwenye board yake, namba za joto zikawaka. Mama akawahi gari, chai hakugusa.

Siku zilizofuata nilikuwa naogopa simu. Alipopiga hakunisalimia, akaisogeza simu kwenye mashine. Vifaranga vilikuwa vinalia.

"Vingine havikuamka, mwanangu. Ila hivi visikie."

Nilikaa chini, wakuu.

Nilichojifunza: mguu wa mwisho ukigoma, ongeza joto, acha kuvuta. Mafundi wa sehemu za baridi, nyie wa earth mnautoaje?